Mjomba, dawa haijafichwa

Mjomba wangu ana tabia ya kutumwagia kwenye kundi la WhatsApp la familia zile sauti za "dawa ya saratani ipo, wakubwa wameificha". Leo namjibu kwa maandishi marefu, na kwa kuwa wengine wenye mjomba kama huyu mpo, naliweka hapa.

Shikamoo Mjomba. Saratani ni magonjwa mengi, na hakuna dawa moja inayoyatibu yote. Lakini aina moja ya saratani ya damu, CML, ina kidonge chake. Kinaitwa imatinib. Mimi ninayeshinda nimeinamia darubini nikisoma damu za watu, wanaokimeza nawajua.

Damu ya mgonjwa mpya huwa inajitangaza yenyewe kabla sijaigusa. Mrija ukisimama kwenye raki, chembe nyekundu hushuka chini, maji ya manjano hubaki juu, na katikati huwa kuna utando mwembamba wa chembe nyeupe ambao kwa mtu mzima wa afya hata huuoni vizuri. Kwa hawa unakuwa tabaka nene. Wewe na mimi tuna chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi katika kila maikrolita ya damu. Wao wanaweza kuvuka 100,000. Mara nyingi mtu alikuja kulalamikia tumbo kujaa upande wa kushoto, kumbe ni bandama imevimba.

Chanzo ni kipande cha kromosomu ya 9 kubadilishana mahali na kipande cha ya 22. Mtafiti Janet Rowley wa Chicago ndiye aliyeligundua hilo mwaka 1973. Jeni mbili zinaungana, inazaliwa protini inayoitwa BCR-ABL. Kazi yake ni kubandika fosfeti, kikundi kidogo cha kikemia, kwenye protini nyingine, na hiyo ndiyo lugha ambayo seli huambizana: gawanyika, subiri, kufa. Konda wa daladala akigonga bodi, dereva anaondoa gari. BCR-ABL ni konda anayegonga bila kuacha, abiria wakiwa bado wananing'inia mlangoni.

Sasa sehemu ninayoipenda mimi, mtu wa maabara. Mwaka 1979, Tony Hunter, Mwingereza aliyekuwa Taasisi ya Salk kule California, alikuwa anachunguza protini ya kirusi kinacholeta uvimbe kwa panya. Wakati huo ilijulikana kwamba kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kikemia) cha kubandika fosfeti huibandika kwenye asidi amino mbili, yaani matofali mawili ya kujengea protini: serini na threonini. Hunter alizitenganisha kwa umeme juu ya kisahani chembamba cha selulosi, ndani ya bafa, kimiminika kinachoshikilia kiwango cha asidi, ya pH 1.9. Ila bafa yenyewe alikuwa ameitumia na kuirudia, hakutengeneza mpya, na asidi ilikuwa imezidi hadi pH 1.7. Likatokea doa lisilo la serini wala la threonini. Lilikuwa la tairosini, asidi amino nyingine. Kwa bafa freshi lingejificha chini ya doa la threonini, na asingeona kitu.

(Wanafunzi wa fildi: hapana. Bafa ya wiki iliyopita mwaga.)

Hunter hakuwa anatafuta dawa. Alitaka kujua protini moja inafanya nini, basi. Lakini kuanzia hapo watu wakawa na mahali pa kulenga. BCR-ABL nayo ikaonekana kuwa inabandika kwenye tairosini. Kule Basel, Uswisi, Nicholas Lydon na wanakemia wenzake wakaunda molekuli inayokaa kwenye kishimo ambamo kimeng'enya hicho huchukulia fosfeti. Ndiyo imatinib. Kishimo kikizibwa, konda ananyamaza. Daktari Brian Druker wa Oregon akaing'ang'ania, maana kampuni yenye dawa, Novartis, ilisitasita: wagonjwa wa CML ni wachache, faida itatoka wapi? Hapo Mjomba una hoja kidogo, nakupa. Majaribio kwa watu yalianza 1998. Kati ya wagonjwa 54 waliopewa miligramu 300 au zaidi kwa siku, damu za 53 zilirudi hali ya kawaida. Mei 2001 Marekani ikaiidhinisha.

Na ilifika hapa. Mpango wa Novartis na shirika la hisani la The Max Foundation, ulioanza 2002, umewapa wagonjwa wa nchi nyingi dawa hii bure, wakiwemo wetu wa Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Kipimo cha BCR-ABL kinaweza kufanyika kwenye GeneXpert, mashine ileile ya kifua kikuu. Kinachobadilika ni katriji, kile kikasha cha kuwekea sampuli.

Chembe nyeupe zikianza kupanda tena, swali la kwanza ni kama vidonge vimerukwa. Wengine huacha kwa sababu wanajisikia wazima, wengine nauli ya kufuata dawa imewashinda. Lakini wapo wanaomeza kila siku na bado zinapanda: kwa baadhi yao, asidi amino ya 315 kwenye sehemu ya ABL ya protini ile imebadilika kutoka threonini kuwa isoleusini, na imatinib haiwezi kukaa tena kwenye kishimo. Kwao kuna dawa nyingine, ponatinib, iliyoidhinishwa Marekani 2012, na bei yake, Mjomba, hiyo ndiyo ungeirekodia sauti.