Maji ya Bombani

Kikundi chetu pale Songea kilizoea kuigiza kwa posho. Likija shirika na ujumbe wa UKIMWI, tunaigiza UKIMWI. Likija na choo bora, wiki mbili nzima tunaigiza kuharisha, na watoto wa mtaani wanatuita kwa majina ya magonjwa. Kwa hiyo mwishoni mwa 2005, Mwalimu wetu aliposema safari hii tutacheza tamthiliya nzima ya kitabuni, tena bila mfadhili, wengine walicheka wakidhani ni utani.

Alikuwa na sababu. Februari 27, 2006 ilikuwa inatimia miaka 100 tangu Wajerumani walipomnyonga Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Wangoni, na wenzake hapo hapo mjini, kwa sababu ya Vita vya Majimaji. Kila mwaka siku hiyo watu hukusanyika eneo la Mahenge mjini hapo, kwenye Makumbusho ya Majimaji, penye kaburi walimofukiwa pamoja. Mwalimu alitaka tuitangulie siku hiyo kwa kucheza *Kinjeketile*, tamthiliya ya Ebrahim Hussein juu ya mganga aliyewapa wapiganaji maji ya dawa wakiamini risasi za Wajerumani hazitawadhuru.

Tulibishana Jumapili tatu chini ya mwembe wa shule. Sisi wanawake tulitaka *Nguzo Mama*. Tulikuwa tisa, na wanaume walikuwa wanne, mmoja wao wa kuazima kwenye kilabu cha pombe. Mchezo ule wa Penina Muhando una wanawake wanaohangaika kuisimamisha nguzo, Bi Moja mpaka Bi Nane, yaani kana kwamba alikuja kutuhesabu, akambakiza mmoja wa kuwanong'oneza wenzake maneno wakisahau. *Kinjeketile* inataka jeshi. Jeshi tungelitoa wapi?

Lakini pingamizi zito lilitoka kwa mweka hazina wetu, mama mmoja muuza maandazi ambaye jukwaani hakupanda hata siku moja.

"Mwalimu, huyo Kinjeketile ni wa Ngarambe, huko Rufiji," alisema. "Sisi tunalia wa kwetu, wewe unatuletea marehemu wa watu?"

Mwalimu akaeleza kwamba maji ya dawa yalitoka kwa Kinjeketile, yakatembea kijiji hadi kijiji mpaka yakafika Ungoni kwa mkono wa Omari Kinjala. Mama akadaka hapo hapo: basi huyo Omari aonekane. Kwenye kitabu hayumo. Mwalimu akashika kichwa. "Ebrahim Hussein yuko hai, yuko Dar. Akisikia nimemchomekea onyesho zima nitamwambia nini?"

"Mwambie Wangoni wamekuja msibani."

Ndivyo lilivyozaliwa onyesho la dakika tano ambalo hakuna aliyeliandika, na ndivyo nilivyokuwa Omari Kinjala, mimi binti wa miaka 22, kwa kanzu ya kuazima na masharubu ya masizi. Jeshi nalo likapatikana: wanawake sita, kaniki viunoni, mabua ya mtama vichwani.

Mazoezi sitayasimulia sana. Kitabu kilikuwa kimoja, kila mtu akinakili maneno yake daftarini kwa zamu, na yule wa kilabuni alinakili hata maelezo ya jukwaani, akawa anayasoma kwa sauti: "Anatoka kwa hasira," huku amesimama palepale. Nilichojifunza hasa ni kunyunyiza. Mwalimu alitaka nishuke jukwaani na kibuyu na mgwisho, nipite katikati ya watazamaji nikiwarushia matone, ili nao wawe wamelishwa kiapo. Nilijizoeza kwenye madawati matupu, mpaka nikajua kukata kiwiko ili maji yatue usoni na si kwenye nguo za watu.

Onyesho lilikuwa Jumamosi jioni, kiingilio shilingi 300. Mvua ya Februari ya Songea mnaijua. Ilipiga bati mpaka tukawa hatusikiani, ikabidi tutoe ngoma ya lizombe kwanza, karibu nusu saa, tukiisubiri inyamaze. Watu hawakuondoka. Nadhani wengi walikuwa wamekuja kukwepa mvua tu.

Kinjeketile alipotoka mtoni mkavu, mto wenyewe ukiwa mashuka mawili ya bluu, walipiga vigelegele. Nikaja mimi. Nikatangaza maji, jeshi likaitikia "Maji! Maji!", nikashuka. Watoto walikuwa wakinyoosha nyuso wenyewe. Vijana wakipiga kelele niwaongeze. Nikafika safu ya mbele, upande wa ukutani, palipokaa babu mmoja wa koti la kijivu, fimbo katikati ya magoti. Nikakata kiwiko.

Matone yakamtua kwenye paji la uso. Hakushtuka. Aliweka fimbo chini, akatoa kitambaa mfukoni, akajifuta uso taratibu, kisha shingo, kisha nyuma ya sikio ambako hayakufika kabisa. Akasema, wala si kwa ukali:

"Hayo hayo ndiyo yaliyotumaliza."

Ukumbi ukanyamaza. Jeshi langu nyuma lilitakiwa kuitikia tena, halikuitikia. Mimi nilitakiwa kusema maneno mawili na kurudi jukwaani. Nilisimama na mgwisho unachuruzika kwenye kanzu ya watu, hata jina langu la mchezoni limenitoka. Ni Mwalimu aliyepiga ngoma kutoka nyuma ya pazia ndipo miguu ikanikumbuka.

Tulimaliza. Kinjeketile alikataa kuyakana maji mbele ya Mjerumani, watu wakapiga makofi, mweka hazina akahesabu sarafu.

Babu nilimkuta mlangoni akisubiri mvua iliyorudi. Nilikuwa bado na sharubu moja. Nikamshikia miguu, nikamwomba radhi.

"Maji yale umechota wapi, mjukuu wangu?"

"Bombani, babu. Hapo nje."

"Ukatia nini?"

"Sikutia kitu." Kisha, kwa kuwa alikuwa bado ananitazama, "Punje za mtama kidogo. Mwalimu alisema zionekane."

Akatikisa kichwa. Akakitoa tena kile kitambaa, akakikunjua, akakikung'uta nje ya mlango mara mbili, akakikagua, ndipo akakirudisha mfukoni.