Ng'olaga na Siafu

Mwaka 2014 tulishuka Mang'ula, mkoani Morogoro, jioni, mimi na binamu yangu, kwa basi la Ifakara. Toka Kidatu ni miwa na miwa tena, na upande wa kulia Milima ya Udzungwa imesimama kama ukuta. Binamu yangu aliwahi kupelekwa hifadhi ya Mikumi na shule, akawaona simba akiwa dirishani mwa basi. Nilipomwambia kwamba hifadhi hii ya Udzungwa haina barabara ndani na wote tutatembea kwa miguu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama na simba nao wanatembea.

Mimi nilimfuata ng'olaga. Ni aina ya kima asiyepatikana popote duniani isipokuwa katika milima hiyo, na wanasayansi wanasema aligunduliwa mwaka 1979. Neno hilo "aligunduliwa" lilinichekesha, na bado linanichekesha. Mnyama mkubwa hivyo, ana sauti inayovuka mabonde, wenyeji wanamwita kwa jina lake, halafu eti amegunduliwa!

Asubuhi tukapanda kwa njia ya maporomoko ya Sanje. Mwongozaji wetu alikuwa mzee mwembamba aliyevaa buti za mvua, na tulikuwa bado hatujafika mbali alipotugeukia. "Wanangu, mkimwona mnyama msinyooshe kidole. Mkono ndio anaouona kwanza." Mbega wekundu walikuwa wengi, juu kabisa, mikia ikining'inia kama kamba zilizosahauliwa. Maporomoko yenyewe, yale ya mita 170 na ushee, ni mazuri kama wanavyosema. Tulioga, tukala mihogo, tukaanza kushuka.

Hapo ndipo tulipowasikia ng'olaga. Kwanza mlio mmoja mrefu, kisha kimya, kisha kitu kama bata mzinga anayegugumia ndani ya pipa. Mzee akachuchumaa. Nasi tukachuchumaa, kila mtu pale alipokuwa.

Muda wote shingo yangu ilikuwa imeelekea juu, kumbe walikuwa chini. Walikuja wakipekua majani makavu, mikono yao ikifanya kazi upesi kama ya mama anayepeta mchele. Mmoja, jike mwenye mtoto aliyemng'ang'ania tumboni, alifika hatua kumi hivi kutoka kwangu. Alikuwa na manyoya ya kijivu, na utosini yamesimama kama mtu aliyeamshwa ghafla. Aliokota mbegu, akainusa, akaitia kinywani, na shavu likavimba.

Wakati huohuo kitu kikanichoma kifundoni. Halafu gotini. Halafu pajani, mara tatu kwa mpigo. Nilitazama chini: nilikuwa nimechuchumaa katikati ya njia ya siafu, na wameshaanza kupanda kwa ndani ya suruali.

Sijui nilivumilia dakika ngapi. Machozi yalikuwa yananitoka. Mzee aliniona, akatazama miguu yangu, akatazama wanyama, akaweka kidole mdomoni. Nikauma mkono wa shati. Jike yule akaninyanyulia uso, kope zake nyeupe zikapepesa, nikadhani anajua. Kisha siafu mmoja akafika pale ambapo hakuna mwanamume anayevumilia.

Nilivyoruka, kundi zima lilipotea. Yalibaki matawi yakitikisika.

"Vua!" mzee akaniambia. "Vua yote, usione haya." Nikavua, binamu yangu akaanguka kwa kicheko. Siafu wakubwa, wale wenye taya, ukiwavuta kiwiliwili kinakatika na kichwa kinabaki kimeng'ata. Mzee alinisaidia kuvibandua vya mgongoni, kimoja kimoja, bila haraka, huku akinieleza kwamba kuna wageni wanaolala Mang'ula siku tatu na ng'olaga hawamwoni.

Kule gesti nilikuta kichwa kimoja kingine kimekwama kwenye soksi. Binamu yangu akikaa na watu nyumbani akaombwa asimulie safari ile, huanzia kwenye suruali. Habari za ng'olaga huwa hafiki.