Nilivyonunua chakula cha halali kwenye duka la Kijapani Düsseldorf

Binti yangu anapenda manga, vile vitabu vya katuni vya Kijapani, kupita kiasi, na kilichokuwa kikimuuma ni kuona wahusika wake wakila vyakula ambavyo sisi hatuvigusi. Tunaishi Ujerumani, ni Waislamu, na pakiti za Kijapani tulikuwa tukiziogopa kwa sababu hatujui ndani mna nini. Nikaamua tuingie dukani tukiwa na nia moja: kutoka na chakula kizima cha jioni ambacho roho itatulia nacho.

Düsseldorf, ukitoka stesheni kuu, barabara ya Immermannstraße iko karibu tu. Makampuni ya Kijapani yalianza kuja mji huu miaka ya 1950, yakafuata viwanda vya eneo jirani la Ruhr, na maduka yakafuata familia. Maduka makubwa yapo, ila mimi nilichagua kaduka kadogo pembeni: upande mmoja mchele na michuzi, upande mwingine manga, stika na vinyago. Kwenye duka dogo unapata mtu wa kumuuliza.

Nilimsalimia mama muuzaji kwa Kijerumani, nikamweleza mapema: hatuli nguruwe, hatutumii pombe. Akachukua kalamu akaniandikia alama mbili kwenye kikaratasi: 豚, nguruwe, 酒, pombe. Akasema nikiona mojawapo kwenye viungo, nirudishe rafuni. Kisha akageuza pakiti, akanionyesha stika nyeupe ya Kijerumani iliyobandikwa mgongoni. Sheria za Ulaya zinataka viungo viandikwe kwa lugha ambayo wateja wa nchi husika wanaielewa, kwa hiyo hiyo stika ndiyo ya kusoma kwanza. Herufi zake ni ndogo mno. Piga picha kwa simu, uikuze.

Mirin, kile kiungo kitamu cha mchele, ya asili ina pombe kama asilimia 14. Tukaiacha, sukari na maji kidogo vinatosha. Mchuzi wa soya ulitaka subira, kwa sababu baadhi ya chupa huongezwa pombe ili usiharibike. Wapo wanaouliza pia kuhusu ile inayotokea yenyewe soya inapochachuka. Hapo kila mtu amfuate shekhe anayemwamini. Mimi naangalia kilichoongezwa. Vipande vya kari vya kuyeyusha vingi vina mafuta ya wanyama, na peremende laini zina jeletini, ambayo hutokana na wanyama. Binti alizirudisha mwenyewe, bila kununa, na hilo lilinifurahisha kuliko yote.

Tukabeba mchele wa punje fupi, siki ya mchele, na mwani. Mimi ni mzaliwa wa Paje, nimekua nikiwaona mama zetu wakilima mwani na kuuanika, lakini ule wa Unguja huuzwa nje, hatuuli. Huu wa Japani ni wa jamii nyingine, umekaushwa mwembamba kama karatasi.

Tulinunua pia onigiri, yaani tonge la wali, moja ya samaki, stika yake ikiwa safi. Jinsi ilivyofungwa inapendeza: nailoni ina namba 1, 2, 3. Unavuta utepe wa katikati kuanzia juu mpaka chini, halafu pembe moja, halafu ya pili, na mwani ambao haukuwa umegusana na wali unaukumbatia hapo hapo, bado mkavu. Tuliigawana nje ya duka.

Upande wa vitabu, mama yule alimshauri binti achague manga ya vijana yenye herufi ndogo za matamshi pembeni ya kanji, zile alama ngumu za maandishi ya Kijapani, maana ameanza kujifunza Kijapani. Akapata moja, nikamlipia kwa moyo mkunjufu.

Usiku tulichanganya wali na siki, sukari na chumvi, tukauviringisha na tango na samaki wa kukaanga. Mume wangu aliongeza. Mdogo wake binti hakuutaka mwani, akala wali na samaki. Tukirudi, tutatafuta kari ya mboga tupu. Mama muuzaji amesema ipo, rafu ya chini karibu na tambi.