Siku moja chini ya mwavuli wa uwakala, Kariakoo

Saa 11 alfajiri. Naamka Gongo la Mboto, na hata uso sijanawa nishaangalia salio. Laini mbili za uwakala wa pesa za simu zina floti, yaani hela ya kazi iliyomo kwenye simu, laki nane. Mfuko wa ndani wa jaketi una laki sita taslimu. Daladala imejaa. Nasimama nimekumbatia kifua kama mwenye kikohozi.

Saa 1:30. Nafungua mwavuli jirani na Mtaa wa Kongo. Wateja wa kwanza ni machinga, na wote wanatoa, wawahi maduka ya jumla kabla mzigo mzuri haujachukuliwa. Mteja akitoa, noti zangu zinapungua na floti inapanda. Saa 3 mfukoni zimebaki wekundu wa Msimbazi, noti za elfu kumi, watatu tu, na foleni ipo.

Nakimbilia duka la vitenge la jirani. Mwenye duka ana noti asizotaka kulala nazo, mimi nina floti. Tunabadilishana. Asubuhi hii muuza duka wa Mbeya amemtumia hela ya mzigo kwa simu. Jioni robota linapanda basi. Zamani mtu huyo angefunga duka, asafiri na hela imeshonewa kiunoni. Vodacom walipoleta M-Pesa nchini mwaka 2008 nilikuwa darasa la tano, na nakumbuka baba akimkabidhi kondakta wa basi bahasha ya bibi. Tozo za miamala zilipoanza Julai 2021, baadhi ya wateja wangu walirudia bahasha. Sikuwalaumu.

Watu husema hela siku hizi inapita hewani. Sawa, lakini ikishuka lazima mtu awe na noti za kuipokelea. Jina Kariakoo lenyewe limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Nikiwa nakatiza vichochoro na laki nne ya watu najiona mpagazi tu, tofauti yangu na wao ni kamisheni.

Saa 6 mchana. Mama mmoja anakuja mbio, simu ya kitochi mkononi, jasho linamtiririka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Niwekee laki mbili kwenye namba hii, haraka baba, mwanangu kaanguka shuleni wanampeleka hospitali."

"Namba ni ya nani?"

"Ya mwalimu wake."

"Unayo namba nyingine ya mwalimu, uliyopewa siku nyingi?"

"Wewe unaniuliza maswali mtoto anakufa!"

Foleni inanung'unika. Kijana wa nyuma anasema, "Bro, fanya kazi yako." Kwa kweli kazi yangu ingenilipa kama ningebonyeza tu. Lakini simulizi hii ya mtoto kuugua shuleni nimeisikia mara nyingi mno, na siku zote hela huwa ya haraka. Namba ya mwalimu wa darasa anayo, ila simu haina salio. Namuwekea vocha. Anapiga, anasikiliza, anauliza mara mbili, "Yuko darasani? Umemwona wewe mwenyewe?" Kisha anakaa kwenye kiti changu bila kuaga wala kushukuru. Naagiza maji ya chupa kwa muuza maji anayepita. Ile namba inaendelea kumpigia. Hapokei.

Mchana wote uliobaki ni wa kutuma nyumbani: Singida, Tanga, Kigoma. Mtandao unasumbua kidogo saa 9, wateja wananigombeza kana kwamba mnara ni wangu.

Saa 12:30 jioni. Nakunja mwavuli, napiga hesabu ndani ya duka la vitenge. Floti na noti vikijumlishwa na kamisheni, elfu mbili haionekani. Narudia. Napitia daftari mstari kwa mstari, mwenye duka anagongesha funguo kunihimiza.

Ndipo nakumbuka: vocha buku, maji buku. Naandika chini ya hesabu: "Mama wa shule, 2,000."