Gharama za kusafirisha mzigo zitajwe mapema

Nauza mikoba na mikeka ya ukili mtandaoni kutoka Tanga, na ninaamini kwamba mteja anayeuliza bei anastahili kuambiwa, katika jibu lilo hilo, bidhaa ni kiasi gani na kuifikisha kwake ni kiasi gani. Mzigo unaotoka stendi ya Kange kwenda Dar es Salaam hulipiwa kwenye basi, lakini safari yake haiishii hapo: ukishushwa Mbezi Luis, bado kuna bodaboda ya kuupeleka Mbagala au Kigamboni, na mara nyingi pesa hiyo ya mwisho ndiyo inayomshtua mnunuzi ambaye hakutajiwa. Ndiyo maana humwuliza kwanza anakaa wapi, na kama atakwenda kuuchukua mwenyewe.

Sipendi kutangaza usafiri wa bure, kwa sababu gharama hiyo huwa imefichwa ndani ya bei, na mteja wa Chumbageni anayekuja kuchukua mkoba wake kwa miguu hujikuta akimlipia nauli mtu wa Mwanza. Afadhali kumpunguzia anayenunua mikoba mitatu kwa pamoja, maana ikifungwa vizuri husafiri kama mzigo mmoja.

Mkeka huviringishwa, ukatiwa kwenye kiroba na kushonwa mdomo, kisha jina na namba ya simu ya mpokeaji vikaandikwa kwa wino mzito pande zote mbili. Risiti huipiga picha na kumtumia mteja, pamoja na namba ya basi, kabla gari halijaondoka.