Honi imelia, mpira uko hewani

Mi huwa nasema mwenye presha kubwa kwenye basketi sio refa, ni yule wa mezani anaeshika saa ya sekunde 24, ule muda timu yenye mpira inaopewa kurusha golini. Akichelewa kidogo tu kubonyeza, kocha keshainuka kitini.

Kinachogombanisha watu ni honi, ile inayolia sekunde zikiisha. Ikilia mpira ukiwa bado mkononi hilo kosa, wapinzani wanapewa. Ila kama umeshatoka mkononi subiri kwanza: ukiingia pointi halali, ukigonga ringi mchezo unaendelea kama vile honi haijalia. Ukikosa ringi kabisa ndo kosa, isipokuwa kwa sheria za FIBA, shirikisho la basketi la dunia, wapinzani wakiudaka palepale bila ubishi refa anawaachia wakimbie zao, na hapo utasikia jukwaa zima linauliza mbona hajapuliza!

Alafu kuna ile ya 14. Umerusha, umegonga ringi, rebaundi (mpira uliorudi) mmechukua wenyewe, saa inarudi 14 sio 24. Yule wa mezani inabidi asubiri aone nani kaushika kweli maana kuuparaza kwa vidole sio kuumiliki. Naipenda sana hii, NBA, ligi ya Marekani, waliianza 2018, timu inayoongoza haipati tena mwanya mkubwa wa kupoteza muda dakika za mwisho.

Na wanaolalamika eti saa inaharakisha wachezaji, wakaangalie matokeo ya 1950, Fort Wayne Pistons 19, Minneapolis Lakers 18. Mechi nzima jamani! Saa ikaletwa 1954.