Kanga kwenye kioo cha gari: nilivyomtoa Afande barabarani

Mwezi uliopita tulikuwa msibani hapa Houston. Mama mmoja akaniuliza habari za Afande, kijana wetu wa Tanga aliyewahi kuwa mwanajeshi wa Marekani, na kabla sijafungua mdomo kaka mmoja akadakia: "Yule si alifukuzwa jeshini? Aliyefukuzwa hana chake serikalini. Mngemkatia tiketi tu arudi Tanga." Watu wakaitikia kwa vichwa. Sikutaka kubishana mbele ya wafiwa, nikanyamaza, lakini nilirudi nyumbani nimefura. Maneno hayohayo ndiyo yaliyomfanya kijana wa watu alale ndani ya gari miezi saba na asiombe msaada popote. Basi naandika, maana najua wapo wengine wanaoambiwa hivyohivyo.

Ilikuwa Agosti 2023. Natoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, saa 12 asubuhi, nikapita dukani karibu na barabara ya Bissonnet kununua maziwa ya watoto. Kwenye kona ya maegesho kulikuwa na gari dogo, vioo vyote vimezibwa kwa yale makaratasi ya kung'aa ya kukinga jua. Kioo cha nyuma peke yake kilikuwa na kanga. Nikasogea. Maandishi yalikuwa yamegeuka juu chini, ikabidi niinamishe shingo: NANI KAMA MAMA.

Houston nzima ile, nani atatundika kanga kama si mtu wetu? Nikagonga kidogo. "Hodi humo ndani." Kimya. "Hodi mwenzangu, mimi ni mtu wa Tanga." Nikasikia kitu kinasogezwa, halafu sauti ikatoka taratibu: "Karibu, dada." Alinikaribisha kama mtu aliyeko sebuleni kwake.

Alikuwa Afande. Miaka ya nyuma alikuwa akija kwenye baraza la Idi amevaa sare ya jeshi la Marekani imenyooka, watoto wetu wanagombania kupiga naye picha. Tulidhani amehamia jimbo jingine. Mle ndani viatu vilikuwa vimepangwa jozi kwa jozi chini ya kiti, kamba zimeingizwa ndani. Shati la kazi liko kwenye hanga. Kando kuna ndoo ndogo yenye mfuniko, mswaki na kopo la mafuta ya nazi. Nataja shati la kazi kwa makusudi: Afande alikuwa na kazi. Alikuwa anabeba maboksi ghalani, maboksi hasa, usiku kucha. Mshahara ulikuwa unaishia kwenye madeni, mafuta ya gari na pesa za mama yake. Neno la kwanza alilosema baada ya salamu ni, "Dada, nakuomba, nyumbani wasijue."

Kisa chake nakieleza kwa ufupi. Aliingia jeshini akiwa na gurini kadi, kile kibali cha ukaazi wa kudumu, akapewa uraia akiwa bado mafunzoni, akapelekwa Afghanistan 2011. Aliporudi akaanza kunywa, usingizi hapati, anachelewa gwaride. 2013 wakamwachisha. Hapa ndipo watu wanapochanganya mambo. Kuachishwa jeshi kule kuna madaraja. Lipo la heshima, na lipo la fedheha kabisa ambalo hutolewa na mahakama ya kijeshi. Katikati yapo mengine, na Afande yuko kwenye moja la hayo: si la heshima, wala si la fedheha. Yeye hakupelekwa mahakamani. Ni kweli daraja hilo lilimkosesha pesa za kusoma. Lakini mpango wa vocha za nyumba, ambapo serikali humlipia mpangaji sehemu ya kodi, unaoitwa HUD-VASH, ulifunguliwa kwa watu wa daraja lake tangu 2021. Yeye alikuwa hajui, na wale waliomshauri walikuwa wanasema ya miaka iliyopita kwa uhakika kabisa.

Mimi pia nilikosea, tena mara mbili.

Kosa la kwanza lilikuwa cheti. Kila mtu alituambia bila cheti cha kuachishwa, kile kinachoitwa DD-214, usisogee ofisi yoyote. Chake kilipotea na pochi. Nikaingia kwenye intaneti, nikakuta kampuni inasema itakipata haraka. Nikalipa kama dola 90 hivi. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu wakataka nyingine. Kumbe nakala hutolewa bure na hifadhi ya kumbukumbu za wanajeshi iliyoko St. Louis, unaomba mwenyewe. Na kumbe kwa habari ya nyumba hata hiyo huhitaji kuisubiri, kwa sababu mashirika yanayofanya kazi na VA, idara ya serikali ya wanajeshi wa zamani, yana mfumo wao. Mhudumu wa shirika mojawapo aliingiza jina la Afande, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya hifadhi ya jamii, na siku ileile akasema, "Unastahili." Wiki tatu nzima tulikuwa tunasubiri karatasi.

Kosa la pili ndilo lililoniliza. Ile asubuhi ya kanga nilimwambia aje kwangu. Ningemwachaje kwenye joto la Agosti? Nikamtandikia kochi, watoto wakafurahi, nikapika wali wa nazi na samaki. Alikula kimya, akaosha sahani yake mwenyewe. Nilijiona nimemaliza kazi.

Cheti kilipozidi kuchelewa tukaenda hivyohivyo ofisi moja ya kupokea watu wasio na makazi. Dada wa mapokezi akamuuliza, "Jana usiku ulilala wapi?" Afande akajinyoosha, na kwa mara ya kwanza nikaona fahari usoni mwake: "Kwa dada yangu."

Yule dada akaacha kuandika. Akasema kwa upole tu kwamba aliyelala kwa ndugu hahesabiwi kuwa hana makazi. Wanaohesabiwa ni wa barabarani, wa kwenye gari, wa kwenye makazi ya muda. Akatupa kipeperushi, tukatoka. Ndani ya lifti nilimtazama Afande nikashindwa kusema. Kochi langu ndilo lililomfungia mlango. Usiku ule nilimkuta anakunja shuka zake. "Narudi garini, dada. Nikilala kwako sipati, nikilala nje napata." Nikamwambia kaa kwanza hadi kesho.

Asubuhi nikapiga simu ya taifa ya wanajeshi wa zamani wasio na makazi, 877-424-3838, ambayo hupokelewa usiku na mchana. Hii ningeipiga siku ya kwanza. Wakatuunganisha na mhudumu mwingine, mama wa makamo aliyewahi kuwa jeshini. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali ambalo ofisi ya kwanza haikuuliza: "Anaweza kukaa kwako mpaka lini?" Nikamweleza ukweli: mkataba wangu wa pango hauruhusu mgeni kuzidi wiki mbili, na mwenye nyumba alikwisha kuniuliza juu ya lile gari. Akasema, "Basi liandike hilo." Sheria, alivyonieleza, inamtambua pia mtu atakayepoteza mahali pa kulala ndani ya siku 14, hana kwingine pa kwenda, wala uwezo wa kupata. Barua ya mwenyeji ni ushahidi.

Jamani, kuandika barua ile! Kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini nani amewahi kumwandikia mgeni barua ya kuondoka, akaitia na sahihi? Nilikaa mezani saa nzima. "Mimi, mpangaji wa nyumba namba fulani, nathibitisha kwamba huyu hawezi kukaa kwangu baada ya tarehe..." Mkono ulikuwa mzito. Marehemu mama yangu angenikana. Afande akaja akasimama nyuma yangu, akaisoma, akasema, "Dada, tarehe umekosea, ongeza siku moja." Akaniletea chai. Nikasaini.

Nawaambia ndugu zangu, msiandike uongo. Barua yangu ilikuwa kweli tupu, na waliithibitisha kwa kusoma mkataba wangu. Lakini kama umempokea mtu kwa huruma, usiache huruma hiyo igeuke kuwa sababu ya kumnyima. Na kama bado yuko garini, waambie waje wamwone palepale garini.

Ukaguzi wa nyumba na makaratasi mengine nayaruka, ni kusaini tu. Kazi kubwa ilikuwa wenye nyumba. Kumi na mmoja walikataa wakisikia vocha. Wa kumi na mbili nilimpata kwa kubadili maneno: sikuanza na vocha, nilianza na kusema mhudumu wa VA atamtembelea mpangaji, kukitokea tatizo una mtu wa kumpigia, na sehemu kubwa ya kodi inatoka serikalini kila mwezi. Akasema, "Mlete." Afande analipa karibu theluthi ya kipato chake, amana ya mwanzo ililipwa na mpango mwingine wa kuwasaidia wanajeshi wa zamani, SSVF.

Wanaosema haiwezekani nawajibu kwa mji huuhuu tunaoishi. Mwaka 2010 waliohesabiwa Marekani nzima, wanajeshi wa zamani wasio na makazi, walikuwa zaidi ya 74,000. Januari 2024 walikuwa 32,882. Houston ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya kwanza kuliwekea tatizo hili mfumo wa kweli, ofisi zikakubali kufanya kazi kwa orodha moja. Watu wametolewa mitaani kwa nyumba na ufuatiliaji. Si kwa tiketi ya ndege.

Na tiketi ile ingempeleka wapi? Yeye ni raia wa huku, maradhi yake aliyapata kwenye vita vya huku, na tiba yake iko huku. Sasa anamwona daktari wa akili kila wiki mbili. Usiku ukimzidia anajua kupiga 988 kisha kubonyeza 1, simu ya dharura ya wanajeshi wa zamani waliozidiwa na mawazo. Namba hiyo niliibandika mwenyewe kwenye friji yake. Pia tunakusanya barua za waliotumikia naye, aombe daraja lake lipandishwe. Bodi ya mapitio inampa miaka 15 tangu alipoachishwa, kwa hiyo ana hadi 2028. Wawili wamekwisha kuandika.

Mwezi wa kwanza alilala sakafuni, mgongo ukutani, uso mlangoni. Sikumsema. Siku aliyopanda kitandani alinitumia picha ya mto tu.

Ijumaa iliyofuata akampigia mama yake kwa video, mimi nimekaa pembeni. Akamzungushia simu chumba kizima: kitanda, dirisha lenye ile kanga, safari hii maandishi yamekaa sawa, kisha jikoni. Bi mkubwa akatazama kwa makini, akauliza, "Mbona sufuria moja? Mchuzi unapikia nini?" Kesho yake nilimpelekea mbili, na mwiko.